Shamba Nililoliita Pori

Jumanne, 4 Juni
Kijijini Litapunga tena. Mthamini anapima, mimi naandika. Mashamba yote yatakayopitiwa na barabara mpya lazima yaingie kwenye daftari kabla hayajachukuliwa. Kisichoandikwa hakilipwi fidia. Jua la kijivu, moshi wa mbali, vumbi laini kama unga. Nyuma ya nyumba ya Mama Domitila tulikuta nyasi hadi kifuani. Mwenyewe alikuwa msibani Katumba. Nikaandika: pori. Tukasogea.

Alhamisi, 6 Juni
Ofisini Mpanda. Nanakili fomu kwa mwandiko safi. Nikifika kwenye neno pori, kalamu inapunguza mwendo. Sijui kwa nini. Mchana nilisinzia mezani, nikaziona nyasi zile zikipumua.

Jumatatu, 10 Juni
Daftari limesomwa mbele ya wanakijiji. Mama Domitila alisubiri hadi jina la mwisho. Lake lilisomwa mara moja tu, kwa nyumba. Akaja mezani polepole.
"Mwanangu, na shamba langu liko wapi?"
Nikasema tulikuta pori.
"Lile nimelipumzisha. Tumbaku ililichosha, huu mwaka wa pili nimeliacha lilale. Nyie kwenu hamlimi?"
Jirani yake, Mzee Masanja, akadakia: "Karani, siku ukinikuta nimelala si utaniandika marehemu?"
Watu wakacheka. Mama naye alicheka kidogo. Afadhali angenitukana. Hana shamba jingine, na bila fidia hatapata jingine. Nimesoma hadi chuo na sikuuliza swali moja.

Jumatano, 12 Juni
Nimemwambia mthamini. Hakufoka. Alisema daftari limeshasainiwa; likirudishwa, wakubwa watauliza nani aliandika. Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Naogopa. Nikinyamaza hakuna atakayejua, isipokuwa kijiji kizima.

Jumamosi, 15 Juni
Nimekwenda kwa bodaboda, peke yangu. Nikavua viatu, nikaingia kwenye nyasi. Chini kuna matuta. Macho hayayaoni, miguu inayajua: kupanda, kushuka, kupanda, kushuka. Nilitembea hivyo hadi mwisho wa shamba, nikasahau kwa muda mimi ni nani na nimetumwa na nani. Mzee Masanja na majirani wawili wamesaini kwamba shamba ni la Mama Domitila. Hawakunitania.

Jumanne, 18 Juni
Nimeandika barua ya kuomba daftari lirekebishwe. Sentensi ya kwanza: Kosa ni langu. Niliifuta mara tatu, nikairudisha. Nimempa mthamini mkononi. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaingia kwa mkubwa wake. Mlango ulifungwa muda mrefu.

Ijumaa, 28 Juni
Shamba limepimwa upya, limeandikwa kwa jina lake. Mama Domitila alipigwa picha katikati ya shamba, ameshika kibao chenye namba yake ya fidia. Upepo ukapita juu ya nyasi, akawa kama anaelea. Picha imetoka amefumba macho. Aliuliza kama inafaa. Mthamini akasema inafaa.
Asubuhi niliambiwa mkataba wangu hautaongezwa. Sikumwambia. Nilimshikia khanga yake mpaka alipomaliza kuweka dole gumba kwenye fomu.