Huyu Ameshapita

4 Januari 1987

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mama naye goti limepoa. Mimi sijambo, ila mikono imechubuka kwa sabuni. Huku hotelini tunafua mashuka mia tatu kwa siku.

Tiketi ya mama ya kuja huku ng'ambo imetoka: tarehe 17 Februari. Miaka kumi na moja bila kumwona, Dada! Wasiwasi wangu ni kwamba atabadilisha ndege njiani peke yake, na Kiingereza chake ni "gudi moning" tu. Kwa hiyo naambatanisha karatasi. Maneno nimeyaandika kama yanavyotamkwa. Wakimuuliza anakwenda kufanya nini, aseme, "Ai em viziting mai san," yaani anamtembelea mwanawe. Kwa muda gani? "Tu wiks." Mzigo kaufunga nani? "Mai self." Akipotea, aulize geti lake, mfano la tisa: "Plizi, wea iz geti naini?" Kwa watu wa forodha: "Nathing tu dikleya," yaani hana kitu cha kulipia ushuru. Mfundishe taratibu, na usimcheke.

Mdogo wako

27 Januari 1987

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, goti limenyooka. Anayekohoa humu ndani ni cherehani yangu tu.

Usimcheke, unasema! Jana muuza maziwa kamuuliza kama ana chupa, naye akamjibu, "Nathing tu dikleya." Yule bwana akaenda zake na maziwa yake, tukanywa chai kavu. Karatasi yako ameimeza yote.

Ila kuna jambo. Juzi mchana nilikuwa nakata sare za shule, nikamsikia chumbani anajibu kitu, ananyamaza kama anayesikiliza, kisha anajibu tena. Nikachungulia. Kakaa kauelekea ukuta, mkoba mapajani.

"Mama, unaongea na nani?"

"Na afisa wa dirishani, kule uwanja wa ndege," akasema bila kugeuka. "Kaniuliza nasafiri na nani, nikamwambia niko peke yangu. Sasa anauliza ni yupi kati yetu."

Halafu akacheka. Nami nikacheka, lakini kwa meno tu.

Dada yako

18 Februari 1987

Mdogo wangu,

Hata salamu zimenitoka. Usihangaike kumtafuta mama huko uwanjani. Yuko hapa nami, hakusafiri.

Jana saa nne asubuhi nilimsindikiza mpaka kwenye kamba inayozuia wasindikizaji, akaenda dirishani mwenyewe. Nikamwona afisa anafungua pasipoti, anatazama orodha, anamtazama mama, anatazama tena orodha. Akaniita.

"Huyu ameshapita," akasema.

"Amepita vipi, na ndiye huyu amesimama mbele yako?"

Akanionyesha. Jina limetiwa alama, na muhuri upo kwenye pasipoti, wino wake mbichi kabisa, ukamchafua kidole. Maafisa wakabishana wao kwa wao mpaka tukaisikia ndege inaruka.

Mama hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha. Tulipofika nyumbani nilimpa karatasi yako, akaigeuzageuza. "Haya ni maandishi ya nani?" Nikamwambia ni ya mwanao. Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemwonea mgonjwa huruma.

"Mimi nina wewe tu," akasema.

Dada yako

20 Februari 1987

Dada yangu,

Shikamoo, na asante sana kwa kumsindikiza. Mama amefika! Alikuwa wa kwanza kutoka mlangoni, kanyooka, hata karatasi hakuishika. Afisa mmoja akanisifia Kiingereza chake.

Nadhani ni uchovu, lakini hajatamka neno moja la Kiswahili. Nilimwamkia, akajibu, "Tu wiks." Chakula hagusi. Mkoba hauachi, hata akikaa mezani. Nikitoka kazini namkuta kasimama dirishani, koti mwilini, kama mtu aliyeambiwa asubiri aitwe.

Na bado, nikikaa karibu yake, ananishika kidevu pale penye kovu langu la utotoni, analipapasa polepole, na machozi yanamtiririka. Mkono ni wake, Dada. Je, aliumwa kabla ya kuondoka? Nijibu haraka.

Mdogo wako

5 Machi 1987

Dada,

Barua yako ilinifikia juzi nikiwa kazini. Niliisoma mara tatu nikiwa nimekaa juu ya rundo la mashuka machafu, kisha nikatoka mbio bila kumuaga bosi. Nyumbani nikamkuta pale pale dirishani. Nikamuuliza kwa Kiingereza, maana ndicho pekee anachojibu: wewe ni nani?

Akanitazama sana. "Ai em viziting mai san."

Basi. Nikakaa chini nikalia kama mtoto.

Nisamehe, maana niliwaza kumficha. Wewe unaye mmoja asiyenijua. Huyu ananijua, nami nimemngoja miaka kumi na moja. Jana zilitimia wiki mbili. Nikafunga mlango, ufunguo nikautia mfukoni. Akaja akasimama mbele yangu na mkoba wake. "Plizi, wea iz geti naini?" Akauliza tena. Saa nzima, Dada, sauti ile ile, bila hasira, mpaka midomo ikamkauka. Nikaona aibu ya mtu aliyemfungia mama yake ndani.

Nikampeleka uwanjani. Nilimkumbatia kwenye kamba. Alikuwa mwepesi kama shati kwenye kamba ya kuanikia. Akapita dirishani bila kugeuka. Ilikuwa inakaribia saa saba mchana, yaani saa kumi huko kwenu. Tafadhali, niambie huko mnamwonaje.

Mdogo wako

24 Machi 1987

Mdogo wangu,

Sisi wazima, na safari hii nasema kwa moyo wote.

Tarehe nne jioni, saa kumi na kitu, nilikuwa natia uzi kwenye sindano, mama anakunja vitambaa. Mara akaacha.

"Mbona amekonda hivi?"

"Nani, mama?"

Akakutaja: Msumari, lile jina lako la utotoni. Akaanza kulia mpaka nikaogopa. Akasema nywele zimekupungua utosini. Akasema jiko lako limevunjika mguu, umeliegemeza kwa tofali. Hayo kayajulia wapi, na mimi mwenyewe siyajui? Hujawahi kuniandikia, na barua yako ya mwisho ulikuwa bado hujaiandika. Nikaifungua pasipoti yake iliyokuwa kabatini. Ina mihuri minne: wa kutoka huku, wa kuingia huko, wa kutoka huko na wa kurudi.

Sikuuliza zaidi. Namwogopa kidogo, nakuambia ukweli, na pia sitaki hata atoke mbele ya macho yangu.

Barua yako ilipofika nilimsomea. Nilipofika pale pa mlango na ufunguo, akanizuia kwa mkono.

"Mwandikie," akasema. "Mwambie nilitaka kubaki. Kila siku, pale dirishani, nilikuwa natafuta namna ya kumwambia. Hayo maneno hayakuwemo kwenye karatasi."

Dada yako