Mgomba Uliozikwa Matayos

Matayos,
11 Februari 2024

Kwa kaka yangu Bwire,

Pokea salamu nyingi. Mimi na watoto hatujambo, ingawa malaria imetuzunguka tangu mwaka uanze. Natumaini wewe, wifi Nyokabi na watoto mko wazima huko kambini Kiryandongo.

Nimepiga simu mara nne, na kila ukisikia sauti yangu unakata. Ndiyo maana naandika. Barua nimempa Jared, yule dereva wa lori aliyenipa namba yako, anayepeleka saruji Juba na kulala Bweyale, karibu na ninyi.

Kaka, rudini. Zile ghasia za uchaguzi ni za zamani. Tumepiga kura mara tatu tangu hapo na hapa kwetu hakuna nyumba iliyoguswa. Hata mkikaa Uganda miaka hamsini mtaitwa wakimbizi tu. Baba tulimzika 2019. Mama anakuulizia kila siku.

Kuna jambo moja la kurekebisha. Mwaka 2011 ilisemekana uliungua ndani ya lori. Kwa kuwa hapakuwa na mwili, mgomba ulizikwa mahali pako kama desturi inavyotaka, pale kando ya ua, na msalaba una jina lako. Usihofu. Wazee wataufukua ukiwepo. Ila mtu aliyezikwa hapiti langoni. Utatobolewa mwanya kwenye ua nyuma ya jikoni, uingilie hapo.

Dada yako,
Mugeni


Kiryandongo,
2 Aprili 2024

Mugeni,

Salamu zimefika. Sisi wazima. Mahindi yameota vizuri, na goti la Nyokabi limepata nafuu.

Unasema ghasia ni za zamani. Acha nikukumbushe. Januari 2008, duka letu la mitumba pale Malaba lilipochomwa kwa sababu mke wangu ni Mkikuyu, hatukukimbilia Uganda. Tulikuja nyumbani. Ilikuwa saa nane mchana, Nyokabi amembeba Brendah mgongoni. Baba na Oduori walisimama langoni. Oduori, mdogo wangu wa tumbo moja, akasema, "Wewe ingia. Huyo apeleke moto wake kwingine." Baba hakusogea langoni. Mama alikuwa ndani, sijui kama alisikia. Wewe ulikuwa umeshika ndoo ya maji, ukatazama chini. Tukageuka, tukavuka mpaka.

Juzi afisa mmoja hapa aliniuliza, "Mzee, kwenu si kumetulia? Sasa mnaogopa nini?" Ningesema naogopa ua wa baba yangu, angenicheka.

Na jambo lingine. Mwaka 2010 nilikuandikia wewe, nikaituma barua shuleni kwenu Sigalame. Mlinizika 2011. Ulipokuwa ukiisoma, huo mgomba si ulikuwa bado shambani unazaa ndizi?

Mwanya wa nyuma ya jikoni ni njia ya kuku.

Kaka yako,
Bwire


Matayos,
19 Mei 2024

Kaka Bwire,

Shikamoo. Natumaini mvua haijawaharibia mahindi. Huku imezidi.

Sitajificha tena. Barua yako niliipata. Nilimwonyesha Oduori peke yake, naye akasema, "Ukimwambia mama, utamuua baba kwa aibu." Habari ya lori aliitunga yeye. Wakati huo watu wa Japheth walikuwa tayari kuleta ng'ombe wa mahari yangu, na wazee walisema hakuna harusi kwenye boma lenye mtu asiyejulikana kama ni hai au ni maiti. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilitaka kuolewa niondoke hapo.

Nilitupa udongo kama wengine. Nililia mpaka wakanishika mikono. Mama alinibembeleza mimi, Bwire. Yeye ndiye aliyenibembeleza.

Unaweza kunichukia na bado ukarudi. Shamba lako lipo, ingawa Oduori amepanda muhogo.

Dada yako,
Mugeni


Kiryandongo,
30 Juni 2024

Mugeni,

Tuko wazima, tunavuna.

Nimesoma barua yako mara moja na sitaki kuisoma tena. Lakini Brendah amefika miaka kumi na saba, na vijana wenzake humwambia arudi kwao Kenya. Ameniuliza, "Baba, huko kwetu ni wapi hasa?" Nilimchorea barabara ya kutoka Busia hadi Matayos, na nikajikuta namchorea hadi mtaro wa maji wa jirani. Napakumbuka. Siwezi kudanganya.

Basi sharti langu ni moja. Nyokabi apite langoni mchana, Oduori akiwa amesimama palepale na mama akiona. Watoto wamfuate. Wakishaingia wote, mimi nitatambaa huko kwa kuku, na mgomba ufukuliwe.

Nimemsomea Nyokabi maneno haya. Amesema, "Kaone wewe kwanza. Mimi lango hilo nalijua."

Kaka yako,
Bwire


Matayos,
24 Novemba 2024

Kaka mpendwa,

Habari za siku nyingi? Sisi hatujambo. Nisamehe kwa kukawia, nilitaka kwanza jambo likamilike.

Limekamilika. Nimekaa nao wote. Oduori alikuwa mgumu, lakini wazee walimkalia hadi akakubali. Wifi atapita langoni na yeye Oduori atampokea mzigo. Mama ana furaha, analia na kucheka, amefagia nyumba atakayolala Brendah. Njooni Jumamosi tarehe 21 Desemba. Msije kabla ya hapo, maandalizi bado.

Dada yako akupendaye,
Mugeni


Malaba,
12 Desemba 2024

Mugeni,

Natumaini u mzima. Naandika nikiwa upande wa Kenya, kwenye kibanda cha chai, namsubiri Jared aliye kwenye foleni ya malori.

Nilifanya alivyosema mke wangu. Jana nilishuka Matayos, nikatembea. Kando ya ua nilimkuta mwanamke kijana akipalilia muhogo. Nimepata kujua ni Winny, mke wa Oduori. Nakuandikia tulivyosema ili usije ukabisha.

"Pole na kazi, mama."

"Asante, boss. Kama ni dawa ya panya unauza, tunayo."

"Siuzi kitu. Napita tu. Aliyelala hapo ni nani?"

"Huyo? Shemeji. Aliungua kwa lori, hata simjui."

"Aliacha mke?"

Akacheka. "Mke wapi! Wanasema alikuwa mlevi tu wa Malaba. Angekuwa na watu, si wangeshakuja kutunyang'anya muhogo?"

Nikamwuliza kama wanangojea wageni mwezi huu. Akasema, "Wageni gani? Krismasi yenyewe tunakula wenyewe." Nikamwuliza kama mama mwenye boma bado anamkumbuka huyo marehemu. "Ee, anamlilia. Kila tarehe aliyozikwa hataki chakula."

Kwa hiyo hukukaa na mtu yeyote, Mugeni. Hakuna mzee aliyemkalia Oduori. Hakuna nyumba iliyofagiliwa. Najua ulichofikiri: kwamba tukitokea ghafla na mizigo na watoto, watashindwa kutufukuza. Ulitaka nimpeleke Nyokabi langoni mara ya pili bila mtu kujua kwamba anakuja.

Mama alitoka. Amekuwa mdogo sana, na macho hayaoni mbali. Akasema, "Winny, unaongea na nani?"

"Mtu wa kupita, mama."

"Si umpe maji, jua kali hivi."

Nilifungua mdomo nimwite. Nikaona maswali yake yote yakija: nilikuwa wapi, kwa nini sikurudi. Ningelazimika kumwambia kwamba nilirudi, nikafukuzwa na mumewe na mwanawe, na kwamba wewe uliyemlilia begani ulikuwa na barua yangu. Angebaki na nani wa kumpikia? Mimi naenda zangu, yeye analala hapo na ninyi.

Winny alileta kikombe. Nilikunywa, mama akiwa amesimama mlangoni amegeuza uso upande wangu. Nilisema asante. Akaitikia, "Haya baba, safiri salama," kama anavyomwambia yeyote.

Hatuji tarehe ishirini na moja. Hatutakuja. Brendah nitamwambia kwetu ni pale tulipopanda mahindi, na wanaomtukana watachoka. Usimpe Jared barua nyingine, nimemwambia asizibebe. Mwache mama na kaburi lake. Usimwambie yule mtu wa jana alikuwa nani.

Bwire