Kobe Alianza na Moja

Jumanne, 4 Machi

Maabara ya fizikia, siku ya kwanza. Nilidhani nitakuta mitambo inayowakawaka taa. Nimekuta meza, stendi za chuma, gololi na uzi. Uzi! Nilipomsimulia dada jioni aliacha cherehani akacheka mpaka akashika mbavu. Eti, kumbe chuo kikuu mnafundishwa kufunga uzi? Si ungebaki hapa tukafunga wote!

Anayetusimamia ni fundi wa maabara, mama wa makamo, mfupi, miwani inaning'inia shingoni. Wanafunzi wanamwita Mama Milimita. Ukimwambia "kama sentimita tano hivi" anauliza, "Hivi ndiyo ngapi?" Sheria zake: wino tu. Namba inaingia daftarini palepale, hakuna cha kikaratasi pembeni. Ukikosea unapiga mstari mmoja, kosa libaki linasomeka. Leo kapima kipenyo cha gololi mara sita, kila mara anaigeuza, na kila mara kama ndiyo kwanza anaiona. Sijawahi kuona mtu akikiheshimu kitu kidogo namna ile. Nimempenda!

Mwenzangu wa meza ni kaka mmoja mrefu, anarudia mwaka. Wanamwita Kobe. Mwaka jana alifeli maabara, na si kwa ujinga — hakuwahi kumaliza kazi. Muda unaisha yeye bado ananyoosha uzi. Akifeli tena anaondolewa chuo. Kaniambia mwenyewe, bila kujihurumia, huku anakaza fundo. Darasa zima lina watu, mimi nimepangwa na Kobe. Bahati yangu hiyo.

Jumanne, 11 Machi

Pendulamu. Unaning'iniza gololi kwa uzi, unaiachia, inakwenda na kurudi. Unapima muda wa safari ishirini za kwenda na kurudi, unabadilisha urefu wa uzi, unarudia. Mwishoni unatafuta namba ya mvutano wa dunia. Namba yenyewe kila mtu anaijua tangu sekondari: tisa nukta nane.

Kobe kashika stopwochi, mimi mwandishi. Naomba niseme ukweli: yule mtu ni raha kumtazama. Anasubiri uzi utulie kabisa. Anapiga magoti jicho lilingane na gololi. Anaiachia bila kuisukuma, vidole vinafunguka tu. "Moja… mbili… tatu…" Hata mimi nikajikuta nimebana pumzi. Mara tatu kwa kila urefu, na mara zote tatu zinakaribiana! Uzi wa mita moja: sekunde 38.1, 38.1, 38.2.

Niliandika kwenye kikaratasi. Ndiyo, najua. Nilitaka daftari langu liwe safi.

Zikabaki dakika kumi na tano, Kobe akaenda kurudisha vyombo. Nikapiga hesabu. Kumi nukta nane sita. Nikarudia. Ileile. Vipimo vyote vitano vya urefu, kumi na ushee! Meza ya pili walikuwa wanashangilia 9.79 yao. Nikamwona Kobe kule kabatini anaviringisha uzi taratibu kama anamfunga mtoto nepi, nikawaza: huyu wanamtoa chuo, na mimi naanguka naye. Basi. Nikaanza kwenye 9.8 nikarudi kinyumenyume kutafuta sekunde zake. 38.1 ikawa 40.1. Nikachafuachafua nukta kidogo zisipendeze sana. Nikazinakili daftarini kwa wino, Mama Milimita akapita akatia sahihi. Kikaratasi nilikichana vipande nikatupa pipani.

Kobe aliporudi akauliza imetoka ngapi. Nikamwambia tisa nukta nane. Akafumba macho. Hakupiga kelele, hakuruka. Alifumba macho tu.

Jumatano, 12 Machi

Dada kaniuliza mbona sili. Nikasema fizikia. Si uongo.

Nilimsaidia, jamani. Si nilimsaidia?

Jumanne, 18 Machi

Kumi na tisa kwa ishirini! Chini ya alama Mama Milimita kaandika: "Mikono iliyotulia. Kazi safi." Hajawahi kumwandikia mtu hivyo, waliotutangulia wanasema. Kobe kaisoma mara nne. Akatoka nje kumpigia mama yake, nikamsikia dirishani: "Mama, nimemaliza. Nimemaliza kwa wakati, mama." Akarudi akaniambia, "Asante, dada yangu. Wewe ndiye umenivusha." Nikasema usijali, kaka. Nilitaka meza inimeze.

Alhamisi, 20 Machi

Balaa. Kobe kanikuta maktaba anahema, bado ana viatu vya mazoezi. Anakimbia asubuhi, kumbe, raundi kumi za uwanja. Leo kocha kamwambia: wewe kila siku unakimbia tisa. Unasema "moja" ukiwa bado umesimama kwenye mstari!

Akanitazama kama mtu aliyeokota kitu cha thamani barabarani. "Unaona? Hata gololi nilihesabu hivyo. Naiachia, nasema moja. Lakini hapo haijaenda popote! Nikifika ishirini imefanya safari kumi na tisa."

Nikaona. Mungu wangu, niliona haraka kuliko yeye. 38.1 gawa kwa kumi na tisa, si ishirini — nimeifanya nyuma ya kitabu cha maktaba — na mvutano unatoka 9.82. Namba zake zilikuwa sahihi. Zote! Kosa lilikuwa moja tu, na lilikuwa linarekebishika kwa mstari mmoja wa kalamu. Mikono yake haikukosea hata mara moja.

Yeye kinachomsumbua ni kingine: tumehesabu vibaya, sasa tisa nukta nane tumeipataje? Anataka kwenda kumwuliza Mama Milimita. Nikamwambia achana nayo kaka, alama umeshapata, yaishe. Akacheka. "Lakini si kweli, dada. Mama Milimita aliandika kazi safi." Wala hakunishuku. Kidogo nimtukane kwa wema wake.

Njia ya mwongo ni fupi, bibi alikuwa anasema. Yangu imechukua siku tisa.

Ijumaa, 21 Machi. Maabara, saa tisa na nusu

Niko kwenye stuli, naandika humu humu wakiwa mbele yangu. Wanadhani nanakili namba.

Kobe kamweleza Mama Milimita yote, kwa furaha, mpaka ya kocha na raundi za uwanja. Mama alisikiliza. Akavaa miwani. Akafungua daftari letu, akaweka kidole kwenye 40.1. Akasema polepole: "Mwanangu, ukianzia moja unapata thelathini na nane. Hapa pana arobaini."

"Ndiyo linalonishangaza, mama!"

Mama akageuka. Alinitazama mimi. Hakukunja uso. Alinitazama kama alivyoitazama ile gololi, akigeuza, akitafuta kipenyo. Kisha akasema namba zisizotoka kwenye kipimo zinampeleka mwanafunzi kwa mkuu wa idara, na mkuu wa idara anaanza kumhoji aliyeshika stopwochi. Akavuta kiti akakaa. Yule mama hajaondoka. Nadhani ananipa muda niseme mwenyewe. Sistahili, lakini nampenda zaidi kwa hilo.

Na Kobe? Kobe kafunga uzi upya! Kasema lazima kuna kosa alilolifanya siku ile ambalo bado hajaliona. Labda alibonyeza stopwochi akiwa amechelewa. Labda uzi ulilegea. Anajaribu makosa yake yote, moja baada ya jingine, apate ile arobaini. Amebonyeza akichelewa: 38.4. Amelegeza fundo: 38.2. Ameanzia sifuri: 40.1, akatikisa kichwa, kwa sababu anakumbuka vizuri kwamba alianzia moja. Jasho linamtoka. Kapiga magoti hapa karibu na goti langu, jicho sawa na gololi.

Kaanza tena. Moja. Vidole vinafunguka. Mbili. Tatu. Vipimo vyake ni sahihi tangu mwanzo na bado anajitafutia kosa.

Kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini.

"Thelathini na nane nukta moja," kasema. "Tena! Andika, dada. Halafu nikumbushe, siku ile nilipopima nilikutajia ngapi?"

Nimeweka kalamu chini nimwambie. Nimeishika tena. Ananisubiri, na kama kawaida yake hana haraka. Nimesema, "Kaka, ile arobaini ni yangu—"