Maneno ya Lundi

Bunia, Shari

Mama Neema wangu,

Nimekosea mutu, na nataka uisikie kwangu kwanza, mbele watu wakuletee huko Mahagi-Port. Ni Pasta Kambale, yule kijana wa Mbunya mwenye wakubwa wa kanisa walinipa nimuongoze mu kazi.

Lakini kwanza, munaamkaje? Magoti yako inapona? Samaki ya chumvi ilifika muzuri. Nilikula na wapasta wenzangu, wakakusifu mbele yangu mpaka nikaona wivu.

Unajua lundi yetu, kesho yake ya siku ya Mungu, siye wapasta tunakutana. Tunafunga mulango, tunakula fufu, na kila pasta anasema kitu yenye inamulemea. Hakuna kuhubiriana. Yenye imesemwa pale inabakia pale. Basi lundi moja Kambale akatuambia, tangu mutoto wake alikufa, maombi imekauka mu kinywa. Nyumbani bibi yake, mama ya ule mutoto, ndiye anaomba, yeye anajibu tu amina. Alilia, Mama Neema. Nilimushika bega.

Siku ya Mungu yenye ilifuata nilikuwa nahubiri, nikaona watu wanasinzia. Nikasema: "Iko mutumishi mumoja, anafundisha watu kuomba, kumbe kwake bibi ndiye anamuombea!" Wakacheka, wakaamuka. Miye nikafurahi. Sikutaja jina. Lakini shemeji ya Kambale, mwenye kulala kwao, alikuwa ameketi pale kwa benchi ya pili, akapeleka ile neno kwao.

Mangaribi Kambale akanipigia simu.

"Muzee, lundi nilikupa roho yangu. Leo umeigawa kama mukate."

Akakata. Lundi hakuja. Sasa tunasikia, siku ya Mungu yenye inakuja atarudisha ufunguo ya kanisa, aende kulima.

Nilitaka kuomba musamaha mbele ya kanisa nzima. Pasta Zakaria, mukubwa wetu wa lundi, akanikatalia.

"Unataka kumuvua nguo mara ya pili? Na weye, Uweka, siku gani ulishatuambia kitu yako?"

"Miye nasikiliza, muzee."

"Dokta pia anasikiliza. Siye tulikuita ndugu."

Ni kweli, kila lundi natoa shauri, nakula, narudi.

Basi yangu naanza kukuambia weye. Ile malaria yenye ulinitumia dawa, haikuwa malaria. Mama mumoja wa kanisa alifiwa bwana, wakaniita niende kuomba, nikakosa neno. Hata moja. Nikalala kwa kitanda na viatu, nikasema naugua. Weye ukauza samaki juu ya kununua ile dawa. Iko bado pale kwa dirisha, sijaifungua. Unisamehe. Niliogopa mukijua mutaniona pasta ya bure, na weye ndiye nilikuogopa zaidi.

Salimia mama mukwe na dada yangu mwenye kukusaidia kwa soko. Neema umuambie baba anamuota, na asome.

Vendredi asubui, siku mbili mbele ya siku ya Mungu, naenda Mbunya, mbele Kambale arudishe ule ufunguo. Sitabeba Biblia wala shauri. Nitakaa chini, bibi yake akiwa pale, nimuombe musamaha, kisha nimuambie yangu yote, malaria na viatu. Na kama siku ya Mungu anataka kuihubiri, aihubiri. Jina yangu aitaje.

Bwana yako mwenye kukupenda,
Uweka, baba Neema