Mama Alilijua Basi Langu

Mpendwa Mama Ernestine,

Naomba msaada wako, na nakuomba usicheke kabla hujafika mwisho, maana mimi mwenyewe nacheka na kulia kwa zamu tangu juzi.

Nina miaka ishirini na mmoja, nakaa na mama hapa mjini Trenton, na yote yalianza kwa neno moja. Nilipoomba chuo kikuu nilimwambia mama, "Wameniweka kwenye orodha ya kusubiri," yeye akasikia "wameniweka" tu, akadhani nimeshapokelewa, akaangusha mwiko, akanikumbatia, Jumapili iliyofuata akatangaza kanisani, watu wakapiga makofi, ikaja keki yenye rangi za chuo, na mimi badala ya kusema nikakata keki. Zamu yangu kwenye orodha haikufika. Nikajiandikisha kimyakimya kwenye chuo cha kaunti, kile cha miaka miwili, nikasomea kupokea simu za dharura, zile watu wanazopiga nyumba ikiungua au mzee akianguka, na Mama Ernestine, nilikipenda chuo kile, mwalimu wetu alikuwa amepokea simu hizo nusu ya maisha yake, akanifundisha kutuliza sauti, akanitafutia nafasi ya kujifunza kazi kwenye kituo chenyewe cha kaunti, nikafanya mtihani wa utumishi wa serikali nikafaulu, lakini nyumbani nikaendelea kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, hata nikamnunulia mama sweta lenye jina la chuo hicho, naye halivui hata wakati wa joto.

Tatizo nililikuta mwishoni. Kaunti haimpi mtu kazi ile bila kumchunguza, mpelelezi anakwenda mtaani anauliza majirani huyu binti ni mtu wa namna gani, amesoma wapi, na ukikamatwa na uongo umekwisha. Kwa mpelelezi nilisema kweli tupu, ila mtaa mzima ungemwambia mengine, kwa hiyo ukweli wangu ndio ungeonekana uongo. Nikaona kazi niliyoitolea jasho inaniponyoka kwa ajili ya keki.

Mpelelezi akaja mchana mimi sipo. Haya nimeyapata kwa jirani yetu, Mama Verlene, aliyenivizia dukani akanivuta hadi kwenye friji za maziwa.

"Bibi wewe," akaniambia, "wewe na mama yako mnataka nifungwe uzeeni?"

"Kwani nimefanya nini, Mama Verlene?"

"Bwana wa kaunti kaniuliza umesoma wapi. Nami kifua mbele, nikamwambia chuo kikuu. Mara nasikia mama yako huko kibarazani kwake: 'Verlene, usimdanganye mtu wa serikali. Mwanangu kasoma chuo cha kaunti, tena kafaulu.' Na hapo kavaa lile sweta."

"Mama anajua?"

"Nilimuuliza hivyohivyo. Kasema basi la chuo kikuu linapita upande wa kanisa, na wewe kila asubuhi unapanda la upande wa mto. Kasema, 'Ningekuwa mama gani nisilijue basi la mwanangu?' Kajua tangu mwanzo. Na kaniapisha nisikwambie, kwa hiyo sijakwambia, umenisikia?"

Jana nimepigiwa simu, kazi nimepata. Nilikaa sakafuni jikoni nikalia, nikapumua kama mtu aliyetua gunia. Mama kanipongeza, ila la chuo hakuligusa, wala mimi sikuligusa. Sasa kuna siku ya kiapo, mzazi au ndugu anapanda jukwaani kukuvisha beji, na wanasoma kwa sauti jina lako na chuo ulichosoma, na kina mama wa kwaya wameshaomba kuja. Je, nimwambie mama kwamba ndugu hawaruhusiwi, ili nimwokolee heshima yake mbele ya kanisa?

Ni mimi, Aliyepumua Nusu

*

Aliyepumua Nusu,

Hongera. Nimeanza na hilo kwa sababu naona wewe mwenyewe hujajipa. Majina nimeyabadilisha, ingawa Mama Verlene atajijua. Sasa kaa nikuseme.

Mpelelezi alikuwa anatafuta kama unasema kweli, ukasema, yamekwisha, nafurahi pamoja nawe. Lakini unataka kuingia kwenye kazi ya serikali kwa uongo mpya, eti ndugu hawaruhusiwi? Ule wa kwanza ulikuwa wa mtoto aliyeogopa kuharibu furaha ya mama yake. Huu ungekuwa wa mtu mzima, na sikuruhusu.

Na hicho chuo unachokionea haya, hebu ingia jengo lolote la kaunti uwaulize waliokaa mezani wamesoma wapi. Karani wa mahakama, mkaguzi wa majengo, mpima maji, utachoka kuhesabu waliopitia mlango uleule. Umetoka darasani ukaingia kazini, una mshahara, una bima, na pensheni yako inaanza kujengeka ungali kijana. Siku ukiitamani shahada ya chuo kikuu, uliza masomo yako haya yatahesabiwa huko kiasi gani, na uliza kama mwajiri wako atachangia ada. Kuuliza si ujinga.

Unasema unamwokolea mama heshima. Anayelinda heshima yake hapazi sauti kibarazani mtaa ukisikia. Sweta amelivaa kwa kuwa ulimpa wewe, na amenyamaza kwa kuwa alidhani mwenye aibu ni wewe. Mmefichana jambo mnalolijua wote wawili. Mmenichekesha, kisha nikafuta machozi.

Fanya hivi. Usingoje Jumapili, wala usimtume jirani, ambaye hata hivyo hajakwambia kitu. Leo mama akirudi zima televisheni, mwambie: nilisoma chuo cha kaunti, nisamehe, na nataka wewe ndiye univishe beji. Kisha nyamaza umwache aseme. Kwaya nzima ije. Watakaoshtuka kusikia jina la chuo, watapona.

Hivi karibuni watu watakupigia wakiwa na hofu kuliko walivyowahi kuwa, nawe utawauliza: uko wapi, na nini kimetokea? Watakwambia kweli, kwa sababu wanataka kusaidiwa. Mama yako amesubiri muda wote huu umjibu maswali hayohayo.

Mama Ernestine