Bao la Tero Mbele ya Macho ya Mama

Mwaka umekatika tangu ututoke, Milton, na bado jirani akifungulia redio ya mpira tunanyamaza kusikiliza kama watakutaja.

Mji wetu wote wa Paysandú ulikuita Tero, kwa ile miguu yako myembamba kama ya ndege tero wa malishoni. "Tero, kula wewe! Upepo utakuvusha mto ukaangukie Argentina!" wauza nyama walikutania. Ulicheka tu, halafu Jumapili ukaifunga timu yao kwa kichwa. Ulitoka kwenye kiwanja chetu cha udongo ukaenda Montevideo, ukaenda Chile, ukaenda Meksiko, kote huko ukazifumania nyavu, na ukarudi nyumbani na goti bovu na roho ileile. Watoto wa mtaa uliwafundisha kupiga kwa mguu wa kushoto bila kuchoka. Vyombo ulikuwa huoshi, tuseme ukweli. Umetutoka hujaosha hata sahani moja, na mkeo Rosana anasema hilo tuliandike.

Lakini kuna jambo hulijui, na leo tunakuambia lote.

Unajua Mama alikuona ukicheza mara moja tu. Fainali ya vijana alikaa jukwaani, ukakosa penalti, basi, akajitia kichwani kwamba ana nuksi. Sote hapa tuna mambo yetu siku ya mechi, Rosana na shati lake lilelile lisilofuliwa, mimi na kiti changu. Mama alizidi. Kipenga kikilia, huyo uani na birika lake la mate, ile chai yetu chungu ya majani, anakunywa akiutazama ukuta hadi mechi iishe. Tukipiga kelele, anauliza dirishani, "Mguu gani?"

"Kushoto, Mama!"

"Haya, funga dirisha."

Ulikuwa ukimchokoza. "Bi mkubwa, njoo uone mwanao anavyohangaisha mabeki." Naye, "Niache mimi! Nikiangalia utavunjika mguu." Mpira wako wote aliusikia hivyohivyo, kwa kelele zetu.

Ulipolazwa na saratani, alikaa kando ya kitanda chako na hakubanduka. Ukakata roho akikuangalia. Usichokijua ni alichotuambia makaburini, kwa sauti kavu kabisa. "Nilimwangalia. Nilijua nisimwangalie, nikamwangalia."

Tulimbembeleza, tukamfokea, padri akaja, wapi! Aliona yeye ndiye aliyekuua. Picha zako zote akazigeuza zitazame ukutani. Akaacha kukaanga zile torta frita, maandazi yetu ya siku ya mvua, akaacha hata kugombana nasi. Tukaogopa kweli, Milton. Tuliona tumekuzika wewe na sasa tunakwenda kumzika na yeye.

Wiki iliyopita Rosana akaja na mkanda wa mechi yako ya zamani, ile ya Antofagasta kule Chile, akautia kwenye deki bila kumwomba mtu ruhusa. "Mama, leo hutoki." Mama akainuka. Mimi Graciela, dada yako mwenye domo, nikasimama mlangoni.

"Sogea, Graciela."

"Sisogei."

"Atakosa!"

"Mama, mechi hii ilishachezwa zamani!"

"Hata kama!"

Tulicheka, Mungu atusamehe, naye akacheka huku machozi yanamtoka, akakaa. Sasa na wewe nawe! Nafasi ya kwanza, umebaki na kipa tu, ukapaisha juu ya mtambaa panya. Mama akajifunika uso. "Mnaona? Mnaona sasa?" Tukamshika mikono, mmoja mimi, mmoja Rosana, tukaikataza isirudi usoni.

Kipindi cha pili ikaja krosi kutoka kulia. Ukamwahi beki, ukaruka na miguu yako hiyo, ukapiga kichwa hadi wavuni. Mama alikuwa amekodoa macho, hakupepesa. Safari hii hatukupiga kelele, maana tulikuwa tunamtazama yeye.

"Nilikuwa naangalia," akasema.

"Ulikuwa unaangalia, Mama."

"Na akafunga."

"Na akafunga."

"Kumbe si mimi." Akalia kilio ambacho hakukilia makaburini, akalia hadi Rosana akamkumbatia wakalia wote wawili. Kisha akajifuta pua kwa aproni, akasema, "Rudisha nyuma. Nataka kumwona mwanangu."

Tumerudisha mpaka mkanda unakwaruza. Anawasema mabeki, anamsema kocha, nawe anakusema kwamba hukuchomekea shati.

Unakumbukwa na mkeo Rosana, binti yako Micaela, dada yako Graciela, watoto wote wa kile kiwanja cha udongo, na mama yako mzazi Nélida, aliyeomba jina lake liwe la mwisho.

Hutatutoka moyoni siku zote za uhai wetu. Lala salama, Tero. Mama anakuangalia.