Kinyozi Aliyeambiwa Atulie

3 Machi

Mwanangu,

Pokea salamu. Mimi ni chuma, ila hili jicho ukungu mtupu. Najua nesi amekusimulia kwamba nilivuruga upasuaji wa mtoto wa jicho. Uongo! Walinilaza, wakaniganzisha jicho, wakasema nisiongee wala nisitikisike. Mimi nikainua kichwa kidogo tu kumuuliza daktari kisu kile kakinoa kwa jiwe gani. Kinyozi kwa kinyozi. Eti nikashushwa mezani! Dawa ya kunilaza usingizi hawanipi, moyo wangu hauiwezi. Wamenipa nafasi moja tu, mwezi ujao. Nikitikisika tena, basi, hawanigusi.

Baba yako, mkono wa dhahabu

8 Machi

Shikamoo baba,

Huku tu wazima. Nimecheka, halafu nikalia. Jicho la kushoto lilishazima. Hilo la kulia ndilo lililobaki. Nakuandikia kwa herufi kubwa usome mwenyewe. Kila asubuhi kabla hujafungua duka, kaa kitini, fumba macho, sikiliza pumzi ikiingia na kutoka. Mawazo yakija, usiyajibu. Rudi kwenye pumzi. Mimi hufanya hivyo kabla ya kuingia darasani kufundisha. Usinibishie, baba.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Afya ipo, kidomodomo kipo. Hilo zoezi lako nimeliweza siku ya kwanza. Nilikiamuru kichwa kinyamaze, kikanyamaza! Nikaanza kujisifu, mara nikamkumbuka yule kinyozi mpya wa duka la jirani mwenye redio kubwa. Nikamgombeza, nikajijibu kwa niaba yake, nikamshinda. Kufumbua macho, nimekunja ngumi, na pumzi nimeibana mpaka naona nyota. Hii kazi ni ya watu wasio na mambo. Naiacha.

Baba yako

20 Machi

Shikamoo baba,

Unaendeleaje? Pumzi haibanwi, jamani! Mawazo ni kama watu wanaoingia dukani kwako. Anayetaka kukaa kwenye benchi, akae. Usimfunge shuka shingoni. Atachoka, ataondoka mwenyewe. Jaribu tena, tafadhali. Sitaki kuja kukushika mkono uvuke barabara.

Mwanao

10 Aprili

Baba, shikamoo. Upasuaji ulikuwa juzi. Simu hupokei, nesi naye kimya. Niambie neno moja tu.

Mwanao

14 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Sijambo kabisa. Kimya changu si cha ubaya. Sikuwa na haraka ya kusema. Hata mimi nimejishangaa.

Walinilaza. Wakaja wote kwenye lile benchi la kichwani: yule wa redio, marehemu mama yako akiuliza kama nimekula, na hofu ya kiza. Hofu ndiyo iliyonisogelea zaidi. Sikuigombeza. Nikapumua nayo ikiwa pale pale. Basi nikagundua kwamba chini ya makelele yangu yote kuna mahali pametulia, nami nipo hapo, na hakuna aliyeninyamazisha. Naona nilikuwepo siku zote.

Daktari akasema, "Mzee, tumemaliza. Ulisinzia?"

"Sikusinzia. Nilikuwepo."

Akasema hajapata kuona mgonjwa mtulivu hivyo. Nikamwomba arudie kwa sauti, nesi asikie.

Bandeji imetoka. Wembe nimekatazwa kwa sasa, kwa hiyo nimekaa mlangoni. Leo amekuja fundi viatu, rafiki yangu tangu ujana, tukakaa weee. Mwishowe akaniuliza, "Mbona huongei, unaumwa?"

Nikamwambia, "Nakutazama tu. Kumbe ukicheka, unachekea upande mmoja."

Baba yako